Buti za Kunyatia

Katika ukoo wa mkewe, mwanamume hakuhesabiwa kuwa mwanamume mpaka anyamaze kwa miguu. Kunyamaza kwa mdomo hakukutakiwa. Mashemeji wote wawili walikuwa wasemaji wa kutukuka, na Shemeji Mdogo aliweza kusimulia kisa kizima huku akipiga mswaki. Kilichotakiwa ni miguu tu.

Kila mwaka, msimu wa kuwinda paa ulipofunguliwa na kibali kikabandikwa ukutani juu ya meza ya kulia, baba mkwe alitoa kigoda chake nje, akakiweka mwisho wa ua na kukikalia, mgongo wake ukiwa umeelekezwa kwa ulimwengu wote. Nyuma yake, kuanzia langoni, palimwagwa majani makavu, vijiti na kokoto kwa urefu wa hatua thelathini. Aliyetaka kwenda kuwinda alipita humo, mmoja mmoja. Ukimfikia mzee na kumgusa bega kabla hajakusikia, umo. Akikusikia, anainua mkono, anatamka maneno mawili matatu ya kukuvua nguo, na wewe unakwenda kambini kukaa na masufuria.

Fundi saa alikuwa amekwisha kuvuliwa nguo mara mbili.

Mwaka wa kwanza, akiwa bwana harusi mbichi, alipita na viatu vile vile alivyovaa siku ya harusi. Vililia kila hatua kama panya aliyebanwa na mlango. Mzee hakugeuka. "Mfungulieni huyo mgeni," alisema, "anabisha hodi." Mwaka wa pili alikuja na mabuti ya mpira, yale marefu ya kuoshea magari, baada ya kuambiwa kwamba mpira haulii. Kweli haukulia. Ila midomo ya mabuti ilimchapa mashavu ya miguu, pwata, pwata, pwata, na kabla hajamaliza hatua ya nne mzee akauliza, "Huyu ng'ombe mmemtoa wapi?"

Ilibaki nafasi moja. Aliyesikika mara tatu alikabidhiwa mwiko, na huo ndio uliokuwa mwisho wake katika historia ya uwindaji. Mwiko wenyewe ulikuwa wa mbao, mrefu kama mkono, umeungua upande mmoja, na ulining'inia jikoni kwenye msumari wake peke yake. Mwenye nao alikuwa mpishi wa kambi maisha yake yote, isipokuwa atokee mwingine wa kusikika mara tatu; hapo mwiko ulihama, kwa kuwa haukushikwa na watu wawili, na yule wa zamani aliachiwa huru kujaribu tena.

Kwa miaka kumi na mitatu mwiko ulikuwa mikononi mwa mdogo wake baba mkwe, tarishi mstaafu, mtu aliyesambaza barua za ofisi kwa miguu mpaka miguu ikazoea kutangaza ujio wake tangu ghorofa ya chini. Watu wote walimwita Bwana Mwiko. Hata daktari alimwita hivyo, na akaandika hivyo kwenye kadi.

Bwana Mwiko alimpenda fundi saa kwa mapenzi ya kutisha. Kila walipokutana alisimama ubavuni mwake, akaweka mguu wake kando ya mguu wa kijana, akatazama chini kwa furaha.

"Tazama, mwanangu. Miguu pacha. Mwiko utakutosha."

"Mwiko hauna namba, baba mdogo."

"Una namba. Arobaini na mbili."

Ndipo fundi saa alipokata shauri kununua buti za kuwindia, buti za kweli, na kuzinunua kama mtu anayejua anachokifanya.

Mkewe alimsindikiza. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na mambo ya kunyata aliyajua vizuri, maana akiwa na miaka kumi alipita juu ya majani yale pekupeku na kumgusa baba yake bega. Aliambiwa hongera, kisha akaambiwa akaoshe vyombo. Hakuwa amesahau.

Duka la buti lilikuwa mtaa wa pili kutoka karakana ya saa, kati ya muuza misumari na mpiga picha za pasipoti. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea soli, na alikuwa na tabia ya kumtazama mteja miguu kwanza, uso baadaye, ikiwa muda utaruhusu.

Walifika saa tatu asubuhi. Fundi saa alitoa mfukoni ile lenzi yake ndogo ya kazi, akaibana jichoni, akainamia buti ya kwanza iliyokuwa karibu.

"Hii ina mishono minane kwa kila inchi," alitangaza baada ya muda. Akachukua nyingine. "Hii saba na nusu."

"Nusu mshono umeiona wapi, baba?"

"Anatengeneza saa," mkewe alieleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mgonjwa.

"Aa. Basi mrudishe nyumbani, umlete saa kumi." Mama hakuwa anatania. "Miguu ya asubuhi hudanganya. Imelala usiku kucha, imenywea. Ukifika mchana imevimba. Ananunua buti sasa hivi, jioni anakuja hapa kunilaumu. Na aje na soksi atakazovaa huko porini. Hizo alizovaa zinaonyesha mpaka roho."

Fundi saa alirudi karakanani na, kwa amri ya mkewe, akafanya kazi siku nzima akiwa amesimama ili miguu ivimbe kisawasawa. Saa kumi juu ya alama walikuwa mlangoni, yeye akiwa na soksi nene za sufu na uso wa mtahiniwa.

Mama alimwekea pea tatu sakafuni.

Pea ya kwanza ilimfanya ameze mate. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na kamba zake zilipita katika vikulabu vya shaba kumi na vinne. Mama aliiinua, akaitikisa karibu na sikio la mteja. Vikulabu viligongana, vikalia kama mkufu wa mbwa.

"Hizi ni za gwaride. Paa atakupigia saluti, kisha ataondoka."

Pea ya pili ilikuwa ya ngozi nene, na soli yake ingeweza kufungwa kwenye lori. Fundi saa aliipima kwa mikono, akaridhika. "Hizi zinadumu."

"Zitakuzika," alikubali mama. "Hebu ikunje."

Alijaribu. Akatumia goti. Mkewe akashika upande wa pili. Buti haikujua hata kama kuna watu.

"Ugumu ni kitu kimoja, kudumu ni kitu kingine," alisema mama akiichukua. "Isipokunjika, nyayo zako ndizo zitakazokunjika. Na mguu usiokunjika hauwezi kukanyaga polepole, lazima udondoke. Ukifika saa sita mchana utatembea kwa magoti."

Pea ya tatu ilikuwa na rangi ya tope lililokauka na sura ya kiazi. Fundi saa aliitazama kwa huzuni. Lakini mshono wake ulikuwa wa mistari miwili. Ulimi wake ulikuwa umeshonwa pande zote mbili hadi juu, ili mbegu za nyasi na changarawe zisipenye. Matundu ya kamba yalitobolewa kwenye ngozi tupu, bila chuma chochote cha kugongana. Na alipoikunja, ilikunjika pale vidole vinapokunjika, siyo katikati.

"Ivae. Usifunge kamba. Sukuma mguu mbele mpaka ukome." Mama alichomeka kidole nyuma ya kisigino, kikaingia. "Sawa. Sasa funga, upande pale."

Pale palikuwa na ubao ulioinamishwa, umeparuzwa na visigino vya wateja wa miaka mingi. Fundi saa alipanda, akashuka.

"Ukishuka, vidole vinagonga mbele?"

"Hapana."

"Ukipanda, kisigino kinanyanyuka?"

"Milimita mbili."

"Nimeuliza kinanyanyuka au hakinyanyuki."

"Milimita mbili," alirudia.

"Hakinyanyuki," mama alimwambia mkewe.

"Lakini hapa pembeni zinanibana kidogo."

"Zinakubana au zinakushika?"

Fundi saa alifumba macho. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mpiga picha za pasipoti alichungulia kuuliza kama kuna mtu anahitaji picha.

"Zinanishika," alisema hatimaye.

"Basi ni zako. Lakini usiende nazo porini leo wala kesho. Zivae nyumbani, kila siku kwa muda wa saa mbili, wiki tatu. Zikuzoee."

Hakuna mtu aliyewahi kutii agizo kwa ukamilifu kama ule. Kila siku, saa nane kamili mchana, fundi saa alivaa buti. Saa kumi kamili alizivua. Alibandika karatasi ukutani na kuweka alama. Mashemeji walipopita karakanani walimkuta ameziweka chini ya meza ya kazi, miguu imo ndani, naye ameinamia tumbo la saa na kibano mkononi.

"Shemeji, hizo buti zinatembea lini?" Shemeji Mdogo aliuliza.

"Zinazoea."

"Zinazoea nini, kivuli?"

Alikuwa ameshika gurudumu dogo kuliko punje ya mtama, na wakati kama huo hakumjibu hata mkewe.

Ilipobaki wiki moja kabla ya siku ya kigoda, mkewe alizitoa nje kuzipaka mafuta. Alizigeuza, akazitazama juu, akazitazama chini. Kisha akamwita.

"Umezivaa siku ngapi?"

"Kumi na nne. Saa ishirini na nane."

"Ukifanya nini?"

"Kazi."

"Umekaa."

Mkewe alimwonyesha. Ngozi ya kifundo ilikuwa imelainika na kufanya mikunjo mizuri, mikunjo ya mguu uliokunjwa chini ya kiti. Soli ilikuwa safi na imenyooka kama rula.

"Mume wangu," alisema mwalimu wa hesabu, "umechukua buti za kuwindia ukazifundisha kukaa."

Siku iliyofuata alifunga karakana saa nane. Alitembea. Alipanda ngazi za jengo la ofisi mpaka juu na kushuka, mara tisa, mpaka mlinzi akamwuliza anamtafuta nani. Alizunguka soko, akazunguka uwanja wa mpira, akapata lengelenge moja kwenye kidole kidogo, akalifunga plasta, akajikaza kisabuni. Siku ya tatu soli ilianza kukunjika yenyewe. Siku ya nne aligundua kwamba anaweza kuhisi kokoto kupitia soli kabla ya kuikanyaga kwa uzito wote, na kurudisha mguu, na kuchagua mahali pengine. Jambo hilo lilimpendeza mno. Lilikuwa kama kibano.

Jioni walifanya mazoezi sebuleni. Mkewe alitandaza magazeti makavu, maganda ya karanga na karatasi za peremende kuanzia mlango wa jikoni, akaketi mezani akiupa mlango mgongo, akasahihisha madaftari. Ukutani saa kumi na moja za wateja zilikwenda zote kwa pamoja, kama kawaida ya nyumba ile.

"Nimekusikia," alisema, bila kuinua kalamu.

Akaanza upya.

"Nimekusikia. Mguu wa kulia."

Akaanza upya.

"Nimekusikia, na mtoto huyu ameandika saba mara nane ni sitini na nne, sijui nimlilie nani kwanza."

Siku ya sita alikuwa amefika ukurasa wa mwisho wa daftari la mwisho alipohisi mkono begani. Aliruka, kalamu ikachora mstari mwekundu katikati ya hesabu sahihi. Waliangaliana. Kisha mkewe akainuka kwenda jikoni. Alimwekea chai, na humo ndani alitia sukari vijiko vitatu badala ya viwili.

Siku ya kigoda ua ulikuwa kimya kama bweni mkuu wa shule anapopita kukagua vitanda. Shemeji Mkubwa alipita kwanza, akagusa bega. Shemeji Mdogo akafuata, akagusa bega, ikawa mara ya pekee katika mwaka mzima aliponyamaza kwa dakika tatu mfululizo. Mlangoni mwa jikoni Bwana Mwiko alisimama na ndala zake miguuni, mwiko mkononi, umeoshwa.

Fundi saa aliingia kwenye majani.

Alishusha mguu kwa ukingo wa nje kwanza, akaulaza taratibu mpaka ndani. Kijiti chini ya kidole gumba: akarudisha mguu. Hatua ya tano. Hatua ya kumi. Jasho lilimshuka puani na alihofia lisije likadondoka kwa kishindo. Hatua ya ishirini mzee alikuna shingo, akaendelea kutazama ukuta. Buti za sura ya kiazi zilikanyaga majani makavu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala kitandani. Shemeji Mdogo alikuwa ameuma kofia yake. Hatua ya ishirini na sita, mkono wa fundi saa ukaanza kunyooka kuelekea bega.

Baba mkwe akainua mkono wake.

"Simama."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aligeuka kwenye kigoda.

"Miguu siisikii," alisema, na alionekana kutatizika kidogo. "Nasikia saa."

Wote walitazama mkono wa fundi. Hapo palikuwa na saa ya mteja, saa nzee ya kujaza kwa mkono, mali ya msajili wa ardhi mstaafu. Fundi saa alikuwa na desturi ambayo hakuwahi kuivunja: saa iliyotengenezwa hairudishwi kwa mwenyewe mpaka yeye fundi aivae mkononi usiku na mchana mzima. Saa iliyolazwa mezani hujifanya nzuri, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Tabia yake halisi huonekana ikitembea. Hii ilikuwa imetembea naye tangu jana. Hakuwa ameisikia. Katika maisha yake tiki-tiki ndiyo iliyoitwa kimya. Kwenye baraza mkewe aliweka mkono mdomoni, akizikumbuka zile saa kumi na moja za sebuleni.

"Baba, hiyo haihesabiwi," Shemeji Mdogo alipasuka, maana alikuwa amejizuia mno. "Sheria ni ya miguu. Miguu hukuisikia, umesema mwenyewe!"

"Sheria inasema asisikike," Shemeji Mkubwa alisema. "Amesikika."

"Iliyosikika ni saa ya msajili wa ardhi! Mpeni msajili mwiko!"

"Baba," mwalimu wa hesabu aliita kutoka barazani, "mwaka ule nilipokugusa mimi, ulisikia nini?"

Mzee alifikiri. "Sikusikia kitu."

"Asante. Nilitaka tu iingie kwenye kumbukumbu."

Mzee alimgeukia mkwewe. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Fundi saa aliitazama ile saa. Ingekuwa rahisi kusema sheria ni ya miguu. Mkewe na Shemeji Mdogo walikuwa upande wake, pengine hata mzee angekubali, kwa vile uso wake ulikuwa tayari kushawishika. Lakini alikuwa mtu wa kazi ya milimita, na kazi ya milimita humharibu mtu.

"Paa naye angeisikia, Baba," alisema.

"Angeisikia," mzee alikubali kwa upole.

Bwana Mwiko alivuka ua kwa kishindo, ndala zikipiga makofi, akamnyooshea mwiko. Fundi saa alishika upande wa chini. Upande wa juu haukuachiwa. Walisimama hivyo, kila mmoja na ncha yake, na uso wa Bwana Mwiko ulipitia hali kadhaa. Miaka kumi na mitatu. Hatimaye vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Alibaki mikono mitupu. Aliyatazama majani makavu. Aliutazama mgongo wa kaka yake. Alizitazama ndala zake. Kisha, polepole, macho yake yakahamia kwenye buti za fundi saa.

"Usiseme, baba mdogo."

"Sijasema kitu."

"Arobaini na mbili."

"Sijasema kitu, mwanangu."

Fundi saa aliketi kwenye ngazi ya baraza, akaanza kufungua kamba.

Watu walijua kwamba tarishi mstaafu alikuwa na miguu ya ngoma. Hawakujua kwamba kwa miaka kumi na mitatu, kila alipobaki peke yake jikoni, alikuwa akinyata kutoka jikoni mpaka kabatini na kurudi. Buti zilimshika. Alipita juu ya majani akiwa ameng'ata ulimi, mikono imetanda kama anabeba trei, na alikawia sana, na mzee aliendelea kutazama ukuta. Mkono ulipotua begani, mzee alishtuka mpaka kigoda kikayumba.

"Nani?"

"Barua yako, kaka," alisema Bwana Mwiko.

Kambini, asubuhi ya kwanza ya msimu, fundi saa alikaa peke yake na masufuria matatu, miguuni raba kuukuu. Wengine walikuwa wameondoka alfajiri. Saa ya msajili aliivua, akaitumbukiza ndani ya soksi ya sufu, soksi akaifungia ndani ya kopo la majani ya chai. Kisha akakoroga, akiwa ameelekea moto.

Mara ya kwanza maishani mwake hapakuwa na tiki-tiki. Mahali pake paliingia vitu vingine: maji yakiamua kuchemka, mdudu ndani ya kuni, tawi likijirudisha baada ya ndege kuondoka. Alisikiliza jinsi anavyosikiliza saa iliyoletwa na ugonjwa wake ndani. Saa sita na robo, mbali sana nyuma yake, alisikia nyasi.

"Shemeji Mkubwa," alisema bila kugeuka, walipokaribia. "Kisigino chako cha kushoto kimelika upande. Shemeji Mdogo, kamba imekufunguka. Baba, goti la kulia linakusumbua, ungelipumzisha."

Nyuma yake hatua zote zikasimama. Mmoja wao akainama kufunga kamba.

"Na ndugu yangu?" aliuliza mzee. "Yuko wapi?"

Fundi saa aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akasikiliza tena. Hakusikia kitu, na alikuwa anakaribia kusema kwamba wamemwacha porini, wakati mkono ulipomgusa bega naye akaangusha mwiko ndani ya sufuria.

"Buti nzuri," alisema Bwana Mwiko. Paa alikuwa mabegani mwake. "Ila kidole kidogo zimenipasha moto."

"Plasta iko kwenye begi, baba mdogo."

Mzee aliketi upande wa pili wa moto, akanyoosha goti la kulia. Alimtazama mkwewe kwa muda, akalitazama kopo la chai.

"Saa ya watu inakwendaje?"

Fundi saa alifungua kopo, akaivuta soksi, akaiweka sikioni.

"Inachelewa, Baba. Sekunde nne kwa siku. Sijaimaliza."

"Imalize," alisema mzee. "Mwakani nitahitaji mtu wa kukaa nami kwenye kigoda. Chakula kiko tayari?"

"Bado dakika sita."

Wakasubiri. Zilikuwa sita.